Shangazi, nimemvalia mume wangu kanga ya fumbo, akaniambia maandishi yamepinda

Shikamoo Shangazi. Naomba usinitaje jina wala mtaa, andika tu Mke wa Fundi, Tanga, maana mji wenyewe huu tunajuana wote.

Mi nina miaka 34, ndoa iko mwaka wa tisa, watoto wawili, wa kiume ana miaka sita na wa kike mitatu. Mume wangu ni fundi friji na AC, na kwa ufundi hana mpinzani, anaweza kusimama mlangoni kwa mtu akasikiliza friji linavyonguruma akakuambia hiyo kompresa imechoka, hata hajaligusa. Hanywi, hana mwanamke nje (nimechunguza Shangazi, tena sana), na hela ya matumizi anaweka kwenye mkebe ule ule kila Jumatatu asubuhi. Sasa utasema huyu mwanamke analia nini. Subiri.

Akirudi jioni anapitiliza hadi uani, anakaa kwenye kigoda nusu saa haongei na mtu. Mtoto wa kike akimkimbilia atampakata, lakini kimya. Mi nimeshinda dukani na maneno yangu ya kutwa nzima, namfuata huko huko, naongea, ye anaangalia ukuta. Nikinuna hajui kama nimenuna. Naweza kununa siku tatu, napika nabwaga sahani mezani kwa kishindo mtaa mzima unasikia, siku ya nne ndo ananiuliza "hivi ile sahani ya bluu haijapata ufa?"

Mwaka jana nikasema huyu nimfikishie ujumbe kikwetu. Nikanunua kanga imeandikwa AKUFUKUZAYE HAKWAMBII TOKA, nikajifunga, nikawa nampitia mbele jioni nzima, nenda rudi nenda rudi. Akaiangalia kweli. Afu akasema "hiyo wamekuuzia mbovu, maandishi yamepanda upande wa kulia." Nikaingia chooni nikalia. Nilivyotoka nikaiangalia, na ni kweli yamepanda.

Hayo ya ndani ningevumilia, ila haya ya mbele za watu yananiua. Harusi ya mdogo wangu, tumekaa meza ya familia, dijei ndo kwanza kafungua muziki, nageuka kiti kitupu. Katoka ukumbini katembea kwa miguu hadi nyumbani, hajaaga mtu. Mama yangu aliniuliza mara tatu mkwe yuko wapi, nikadanganya tumbo. Siku alipofariki baba yangu ndo usiseme, wanaume wamekaa kwenye turubai wanapokea wageni, ye kutwa yuko na waya, mara anavuta taa, mara yuko chini ya pampu ya maji, siku tatu hajanishika hata bega. Ndugu zangu mpaka leo wanasema yule bwana hana utu. Nilimuuliza lile la harusini kwanini unaondoka bila kuaga, akanijibu "kwenye kompresa kuna kidude kinaitwa ovalodi, likipata moto kinakata chenyewe, huwezi kuliambia subiri kwanza niage." Kwa hiyo mi nimeolewa na friji.

Sasa kilichobadilisha mambo ni mtoto. Huyu wa kiume alichelewa kuongea, tukazunguka sana, mwishowe tukaambiwa ana usonji, ile wanayoiita autism, ubongo wake unapokea mambo tofauti na wengine tangu kuzaliwa. Siku hiyo daktari anauliza maswali, anapenda kupanga vitu? makelele yanamsumbua? anataka chakula kile kile? nguo zenye lebo shingoni anazivua? Mi najibu mambo ya mtoto, kugeuka namuona baba yake machozi yanamtoka, anasema "daktari, haya maswali yote ni yangu." Mama mkwe nae akathibitisha, alipokua mdogo alikua anapanga visoda kwa rangi kutwa nzima, ukikisogeza kimoja anajipigiza kichwa ukutani.

Tangu siku hiyo nashinda TikTok nasoma mambo ya usonji kwa watu wazima. Kila kitu ni yeye. Namwambia tukapime, anasema "nikipimwa nitapewa nini?" Mama mkwe anasema mtoto kaharibika kwa sababu mi nilirudi dukani ana miezi minne sikumlea, na kuhusu mwanae anasema ni jicho la watu, ametupangia Jumamosi ijayo twende kwa mtu wake huko Muheza.

Afu kuna jambo naona aibu kuliandika. Mwezi uliopita tuligombana, aliahidi kuja kikao cha ukoo wetu hakuja, nikamwambia wewe ni zezeta kama mwanao. Mtoto alikua sebuleni. Mume wangu hakujibu kitu, alienda uani, na tangu siku ile hela anaweka, chakula anakula, lakini analala chumba cha watoto.

Nimechoka Shangazi. Nampenda ila nimechoka kuwa mpweke na mtu yuko ndani. Atabadilika? Au nikae tu hivi hivi mpaka nife? Na je kweli mtoto ni kosa langu?

Mke wa Fundi, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye kanga, Mola anisamehe, mara ya pili sikucheka.

Naanza na lile la mwisho uliloona aibu, maana hayo mengine yote hayatatengenea hilo likiwa limekaa hapo. Umemtukana mumeo kwa kitu alichozaliwa nacho, na kwa tusi lile lile ukamtukana na mwanao, na mwanao alikua sebuleni. Usijidanganye kwamba haelewi kwa vile haongei sana, watoto wa namna yake wengi wanasikia kila kitu, kutoa maneno ndo shida. Na huyo baba, fikiria, siku chache tu katoka kugundua kwa nini maisha yake yote aliitwa majina shuleni na mitaani, kapata jibu hadi akalia mbele ya daktari, afu lile jina anakutana nalo tena chumbani kwake, kwa mkewe. We ulidhani kahama chumba kwa sababu hajui hisia. Kahama kwa sababu anazo.

Kwa hiyo leo hii, sio kesho, unaenda kumuomba radhi. Na usimuombe kwa kupika pilau na kujifukiza udi ukasubiri aelewe, hapana, hiyo ni kanga nyingine. Unamwambia kwa maneno: nilikuita zezeta, nilikosea, sitarudia, na mtoto nae nimemuomba msamaha. Kama mdomo mzito mwandikie WhatsApp hata kama yuko chumba cha pili. Usicheke. Watu wengi wenye usonji wanaelewa vizuri zaidi kwa maandishi kuliko kwa maneno ya papo kwa papo, kwa sababu maandishi hayana sura ya kusoma wala sauti ya kutafsiri, na anajibu akiwa tayari. Akikujibu neno moja, pokea neno moja.

La mtoto kuwa kosa lako, hapana. Tena mama mkwe wako bila kujua anarudia maneno ya wazungu ya zamani kabisa. Huyo daktari aliyefanya usonji ujulikane, Leo Kanner, Marekani mwaka 1943, aliwaeleza watoto kumi na moja, na baadae yeye na wenzake wakaanza kusema hawa watoto wamelelewa na wazazi baridi, ikazuka na msemo kabisa, wanawaita hao kinamama friji. (Ndio, friji. Mumeo akisikia atauliza la milango mingapi.) Wakina mama wakabebeshwa hiyo lawama miaka na miaka, mpaka watu wakaanza kuchunguza, mwaka 1977 Uingereza wakaangalia mapacha jozi 21 wakakuta wale waliotoka yai moja wanafanana kwa usonji kuliko wale wa mayai mawili, yaani ni mambo ya damu, kurithi. Na Kanner mwenyewe mwaka 1969 alisimama mbele ya wazazi akawaambia hawana hatia. Sasa kama yeye aliyeanzisha maneno aliyafuta, mama mkwe anayaokota ya nini? We ulirudi dukani kutafuta riziki, basi. Ila usiende kumvimbia bi mkubwa wa watu na hii barua mkononi, yeye nae alilea mtoto anayejipigiza kichwa ukutani na hakuna mtu aliyempa hata jina la kile anachokiona. Umeshawahi kumuuliza alikua anamtulizaje? Muulize. Utajifunza kitu kwa ajili ya mjukuu wake.

Sasa njoo kwenye ndoa. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa mafumbo. Kumwambia mtu kitu wazi wazi kwetu ni ushamba, tunasema kwa kanga, kwa taarabu, kwa kununa, kwa kuguna, na aliyekulia humo anapokea ujumbe kabla hujamaliza kutembea. Mimi mwenyewe nimeshamfukuza mgeni kwa kufagia tu. Mumeo ubongo wake haupokei huko. Sio kwamba anapokea anapuuza, haumfikii. Alipoiangalia kanga yako aliangalia kanga, akakuonea huruma umeuziwa mbovu. Ukiitazama vizuri, siku ile alikujali kwa namna yake na we ukaenda kulia chooni, hakuna aliyekosea, na hapo ndo ubaya wa jambo lenyewe. Kuna msomi mmoja Mwingereza, Damian Milton, mwenyewe ana usonji na mtoto wake pia, mwaka 2012 aliandika kwamba watu wanasema mwenye usonji hawezi kumwelewa mwenzake, lakini na huyo mwenzake mbona nae hamwelewi mwenye usonji? Shimo liko kati, na kila mmoja yuko ng'ambo yake. We miaka tisa umeishi na mtu anakuambia ukweli ulionyooka na hujaamini hata siku moja kwamba ndo huo huo, hakuna kingine nyuma yake.

Mfano lile jibu la ovalodi. Mwanangu, huyo mtu alikufungulia kifua chake chote, ukasikia dharau! Nina jirani fundi nikamuuliza, akasema kweli kompresa ikizidiwa joto kile kidude kinakata umeme ili isiungue, na dawa yake ni kuiacha ipoe, ukiilazimisha unaua mashine. Ukumbini ndo hivyo, spika, taa za kuwaka kuwaka, manukato, watu mia tatu wanataka kusalimiwa kwa mkono na habari za nyumbani. Lile sikio linalosikia kompresa imechoka kutoka mlangoni ndo hilo hilo analopelekwa nalo kwenye spika za dijei, halina swichi. Na hizi hisi kuwa kali kupita kiasi si visingizio, kile kitabu cha vipimo cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, kimeziweka kabisa kwenye dalili za usonji.

Lakini, na hapa nataka aje asome nae, kuzidiwa ni halali, kukuacha umekaa na kiti kitupu mbele ya mama yako sio halali. Ovalodi haiwezi kuaga ikishakata, sawa, basi mnaaga kabla. Mkienda shughuli mnapanga nyumbani: tunaingia saa moja, unasalimia wazee, unakaa hadi chakula, saa mbili na nusu unatoka, na ishara yetu ni hii, unanigusa kiganja. We ndo unawaambia watu amewahi kazini. Muda wa saa moja na nusu, mtu aliyejua anatoka saa ngapi anaumudu, inayomuua ni ile ya "tutaona." Idd vile vile, nyumba mbili asubuhi, sio nane.

Na ile nusu saa ya uani mwachie. Umeme ukirudi frijigadi hairuhusu friji liwake papo hapo, inasubiri kwanza dakika kadhaa, na hujawahi kuinunia frijigadi. Ila baada ya hiyo nusu saa anakua wako, hilo mkubaliane kwa saa. Mfano saa moja kasoro robo anaingia ndani, anaweka simu pembeni, unamwaga maneno yako ya kutwa. Na mwanzo wa maneno umwambie unataka nini, "nataka unisikilize tu" au "nataka unisaidie kutatua," maana ukimletea habari ya mteja aliyekutukana dukani bila maelezo atakuambia ufunge duka saa kumi.

La msiba limenichoma. Wako watakaokuambia zile taa na yale maji ndo zilikua pole yake. Inawezekana kabisa, wageni siku tatu walikunywa maji baridi na kukaa kwenye mwanga na hakuna aliyeuliza nani kafanya. Lakini we baba yako alikua anazikwa na ulitaka kushikwa mkono, na taa haishiki mtu mkono. Usikubali mtu akwambie ulikosea kutaka hivyo. Ila niambie ukweli, ulimwambia? Najua, utasema mpaka nimwambie, hata kwenye msiba wa baba yangu? Ndio mwanangu. Inauma, na ndo bei ya ndoa yako, nakuambia mapema usije ukasema Shangazi alinificha. Wengi wenye usonji, karibu nusu yao kwa tafiti zilizokusanywa, hata hisia zao wenyewe hawazipatii jina, anajua kifua kimebana lakini hajui hii ni huzuni au njaa, sasa atawezaje kuisoma ya kwako usoni? Siku nyingine ikitokea, Mungu aepushe, unamwambia: kaa hapa kulia kwangu, nishike huu mkono, usiseme kitu, mpaka nikwambie basi. Utashangaa. Atakaa mpaka asubuhi.

Umeuliza atabadilika. Ubongo hapana, usonji hauna dawa na yeyote anayekuuzia ya chupa anataka hela yako. Tabia, ndio, kwa mambo mnayoyataja kwa jina na kuyapangia siku. Mtu anayeweka hela kwenye mkebe kila Jumatatu miaka tisa hajashindwa kukumbuka, mpe vitu vyenye saa na siku: kumpeleka mtoto kliniki, luku, kumpigia mama yake Ijumaa. Nimeona kwenye barua kwamba shughuli zote za watu ni za kwako, ndugu zako, ndugu zake, udhuru zake, na sasa mtoto. Hiyo ni kazi nzima, na usonji wake haukufanyi we kuwa mfanyakazi wake. Shoga zako nao wasikose, ongea nao, cheka nao, vaa kanga zako huko zitasomwa. Mume mmoja habebi kila kitu, hata asiye na usonji.

Na kitu kimoja nikiseme haraka maana wasomaji wangu wengine wataokota hii barua waitumie vibaya: kupiga, kunyima hela makusudi, kukufungia ndani, hivyo sio usonji. Ni ukorofi, na mwenye usonji mkorofi ni mkorofi tu. Wako sio huyo.

Kuhusu kupima, amekuuliza "nitapewa nini" na we ukasikia ubishi tena. Hilo ni swali, lijibu. Hatapewa vidonge. Mtaalamu atamuuliza maisha yake tangu utoto, na mama yake akiwepo ni vizuri, na mwisho anapata jina la kitu alichoishi nacho, na mnapata wote pa kuanzia kumsaidia mtoto. Huku kwetu wanaopima watu wazima ni wachache, waulizeni hao hao waliomuona mtoto wawaelekeze, na Muhimbili kuna idara ya afya ya akili. Ila akisema hataki, ni mwili wake, mambo yote niliyokuandikia hapo juu hayahitaji cheti. Na TikTok ipumzishe kidogo, huko kila mtu anayependa wali maharage ana usonji.

Jumamosi msiende Muheza. Mwambie mama mkwe kwa adabu zote kwamba mtoto ana kliniki, na mwanae mwenyewe ndo amwambie, kwa sentensi moja iliyonyooka, hilo analiweza kuliko sisi wote. Ile nauli pita nayo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ulizia vile vya kuziba masikio wanavyovaa mafundi wa kusaga vyuma, vile vikubwa vya kufunika sikio lote. Umchukulie mtoto vya kwendea kwenye makelele. Chukua viwili.